Wastani wa Darasa Letu

Mafuta ya mawese yakichemka pamoja na maji ya soda kali, kabla hayajawa sabuni, hutoa harufu nzito inayokaba koo kidogo na kukaa kwenye nguo mpaka kesho yake. Baba yangu alikuwa mpika sabuni hapa Rumonge, mtaa wa Waislamu, kwa hiyo nimekulia ndani ya harufu hiyo, na leo ndiyo kazi yangu mimi mwenyewe. Watu huniuliza kama hainichukizi. Hapana, haijawahi. Ila ziko siku chache za kiangazi, upepo ukitoka ziwani umebeba harufu ya ndagala, wale dagaa wetu wanaoanikwa mchangani. Harufu hizo mbili zikikutana juu ya pipa langu, inanibidi niache mwiko na kutoka nje. Nakuwa tena na miaka kumi na mitatu. Nimeketi benchi la pili, na ubavuni mwangu ameketi Feza.

Feza alikuja katikati ya mwaka. Walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, yeye, mama yake na wadogo zake wanne, na baba hakuwa pamoja nao, wala hatukuwahi kuambiwa kwa nini. Walijenga kibanda cha mbao na mabati pale ufukweni, chini ya soko. Mama yake alikuwa akipokea ndagala wabichi kutoka kwa wavuvi asubuhi na kuwaanika. Feza alikuwa amekosa shule miaka miwili. Kirundi hakukijua kabisa, na Kifaransa chake kilikuwa kimemtoka. Swahili yetu na yake zilisikilizana, lakini mitihani haiandikwi kwa Swahili. Akawekwa darasani kwetu kwa sababu ya urefu wake, nadhani, maana hakuna aliyempima kwa kitu kingine.

Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Dismasi. Alikuwa mwalimu mzuri, na hapo ndipo ninapopata tabu kueleza. Hakupiga, hakukosa kipindi, shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku za mvua, na alikuwa na kipaji cha kufanya jambo gumu lionekane kwa macho. Ninyi mliosoma wakati wetu mnajua jinsi walimu wa namna hiyo walivyokuwa wachache. Nilikuwa wa kwanza darasani mwake, na nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu anayemwita kwa jina mbele ya wenzake.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula alitangaza kwamba tunarudia takwimu tangu mwanzo. Wengi wetu tulikuwa tumekariri tu. Akasema safari hii hatatumia mifano ya kitabuni, ng'ombe na mvua za nchi tusizozijua, atatutumia sisi wenyewe. Akaandika ubaoni alama zetu za mtihani uliopita, watoto arobaini, kila jina na alama yake kati ya ishirini.

Kwanza akatufundisha wastani, ambao sisi tuliuita kwa Kifaransa, moyeni. Unajumlisha alama zote kisha unagawanya kwa idadi ya watu. Jumla yetu ilikuwa mia nne sabini na moja. Tukagawanya kwa arobaini, tukapata kumi na moja nukta saba na kitu. Akauliza alama gani imerudi mara nyingi kuliko zote. Tukahesabu, ilikuwa kumi na moja, watu saba. Akasema hiyo nayo ina jina lake, ni alama ya wengi. Halafu akatusimamisha ukutani kwa mpangilio, wa chini kabisa akianzia mlangoni na wa juu kabisa akimalizia dirishani, ili tuone katikati iko wapi. Wawili waliosimama katikati walicheka kwa haya, wala hawakujua kama wamesifiwa au la. Mlangoni alisimama Feza, alama tatu. Dirishani nilisimama mimi, kumi na nane.

Mwalimu akatoa kamba mfukoni. Akampa Feza ncha moja, akaja na nyingine hadi kwangu, mbele ya watoto wote thelathini na wanane. Akasema hii ndiyo tofauti kati ya mkubwa na mdogo, kumi na nane toa tatu, kumi na tano. Kisha akaigusa kamba katikati kwa kidole, ikatetemeka.

"Angalieni," alisema. "Hii kamba iko ndefu kwa sababu ya mutu mumoja."

Darasa lote likacheka. Mimi pia nilicheka. Ninalolikumbuka zaidi ni kwamba Feza aliishika ile kamba vizuri sana, kwa mikono miwili, ameivuta ili isilegee. Alidhani amepewa kazi na alitaka kuifanya sawasawa. Alikuwa anatabasamu.

Siku iliyofuata ndipo Mwalimu alipotueleza juu ya alama inayosimama peke yake. Alisema mara nyingine, ukipima vitu vingi, kimoja hutokea mbali na vingine vyote, na hicho kimoja kinaweza kuuvuta wastani hadi usiseme tena ukweli juu ya wengine. Mtu mwenye akili akikiona hujiuliza kama kilipimwa vibaya, au kama hakikuwa cha kundi lile tangu mwanzo. Na ikiwa si cha kundi lile, alisema, anakiondoa. Sasa najua alikuwa anafundisha jambo la kweli, na kwamba alisema pia, nina hakika alisema, kwamba hakiondolewi ovyo. Lakini nilikuwa mtoto. Niliangalia ubao, nikaona tatu iko peke yake chini kabisa, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani mwangu. Mia nne sabini na moja toa tatu, gawanya kwa thelathini na tisa. Kumi na mbili kamili. Iligawanyika bila kubaki kitu. Katika umri ule nilidhani hesabu isiyobakiza kitu ni hesabu ambayo Mungu ameikubali.

Mnaona, palikuwa na ushindani. Mkuu wa shule, tuliyemwita direkteri, alikuwa ameahidi kwamba darasa litakalopata wastani mkubwa kati ya mawili ya kidato chetu litapelekwa Bujumbura kuona mamba waliofugwa. Sisi watoto wa ziwani tuliokatazwa kuoga jioni kwa sababu ya mamba, tulitaka kuliko kitu chochote kumwona mmoja akiwa nyuma ya ukuta. Na watakaohesabiwa ni wale tu watakaofanya mtihani. Asiyekuja hahesabiwi. Direkteri alilisema hilo mwenyewe uwanjani.

Mwalimu akamwekea Feza mahali benchi moja nami. Alisema mimi wa juu nimvute yule wa chini. Baada ya kengele ya mchana nikawa naenda kwao ufukweni, maana yeye hakuweza kuja kwetu, alikuwa na ndagala wa kugeuza. Tulikaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Nilimfundisha maneno ya Kifaransa, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakimfunga. Swali likishageuzwa Swahili alilijibu kabla sijamaliza. Siku moja mimi ndiye niliyekwama. Nilijua kutafuta wastani, nilijua kutafuta cha katikati, ila sikuelewa kwa nini mtu avihitaji vyote viwili. Feza alitazama ziwa kidogo.

"Leo asubuhi mitumbwi saba ilirudi," alisema. "Sita ilileta kikapu kimoja kimoja. Ule wa saba ulileta kumi na tano. Piga moyeni."

Nikapiga. Vikapu vitatu kila mtumbwi.

"Basi nenda uambie watu kila mvuvi iko na vikapu vitatu. Iko uongo. Hakuna hata mumoja aliyeleta vitatu. Sasa wapange, uangalie ule wa katikati. Kimoja. Huyo ndiye anakuambia leo watu walikula namna gani."

Nilielewa papo hapo, na nimeelewa hivyo hadi leo. Mama yake alituletea ugali wa muhogo na ndagala wa kukaanga kwa mawese, akaniambia, "Kula, mama," kama wanavyowaita watoto wa kike upande ule. Nilikula. Nilikula kwao siku ile na siku nyingine nyingi, wadogo zake wakinitazama mkono, maana chakula hakikuwa kingi. Baba aliniuliza ninakula wapi nisipokuja nyumbani, nikamwambia, naye akanipa vipande viwili vya sabuni nimpelekee yule mama. Alivipokea kwa mikono yote miwili.

Darasani mambo yalikuwa mengine. Palikuwa na msichana aliyeitwa Sada, binti wa mfanyabiashara wa vitenge, ambaye wengine wote walimfuata. Sada alianza kuziba pua nikipita. Alisema mimi sasa ninanuka ndagala. Mwalimu naye, siku niliyopata kumi na tano badala ya kumi na nane yangu ya kawaida, alinirudishia karatasi akasema kwa upole, darasa zima likisikia, kwamba alinitia pale nimvute mwenzangu, wala si mwenzangu anivute mimi. Niliikunja ile karatasi mara nane. Sikumkasirikia Mwalimu wala Sada. Nilimkasirikia Feza, aliyekuwa ameinama juu ya daftari akiandika neno la Kifaransa mara ishirini, kama nilivyomwambia.

Jioni ile nilimfuata Sada na wenzake nyuma ya vyoo, nikawaonyesha hesabu yangu. Kumi na mbili kamili. Wastani wa lile darasa jingine wakati ule haukufika kumi na mbili. Nilieleza vizuri sana, kama Mwalimu angeeleza. Nilisema ile alama si ya kundi letu tangu mwanzo. Sada aliniuliza tutaiondoaje. Nikasema niachieni mimi, ananiamini. Akanishika mkono tukarudi uwanjani hivyo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili hakuna aliyeziba pua.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Ijumaa tuliposhika njia ya kushuka sokoni, nilimwambia Feza kwamba nimemsikia direkteri akisema na Mwalimu. Watoto waliovuka ziwa wasio na karatasi za kuzaliwa za hapa hawatakiwi kwenye mtihani. Atakayekuja jina lake litaandikwa na kupelekwa ofisi ya serikali, komini, na watu wa komini watawafuata nyumbani kuwarudisha walikotoka. Nilikuwa nimeupanga uongo huo nikiwa kitandani, na nilikuwa nimejiambia inatosha akose siku moja, Jumanne atarudi na nitamwambia mambo yamebadilika.

"Ulisikia wewe mwenyewe?" aliuliza.

"Kwa masikio yangu."

Alitembea hatua chache. Halafu akauliza, "Na wadogo zangu?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Wawili kati ya wadogo zake walikuwa madarasa ya chini, hawakuhusika na wastani wetu hata kidogo. Ningeweza kusema hapana. Nilichoona wakati ule ni kwamba uongo wangu utaonekana una tundu nikisema hapana.

"Nao," nilisema.

Feza aliniambia murakoze, yaani asante. Alilisema kwa Kirundi, neno mojawapo kati ya machache aliyokwisha kujifunza, na akashuka mbio.

Jumatatu mahali pake palikuwa wazi. Tulifanya mtihani. Niliufanya kwa raha, mkono wangu wa kulia ukiwa na nafasi yote ya benchi. Jumanne hakuja. Jumatano Mwalimu Dismasi alirudisha kazi ndogo tuliyoifanya wiki iliyotangulia, ile ya marudio ya takwimu, akiita majina kutoka chini kwenda juu kama kawaida yake. Nilingoja jina la Feza litoke la kwanza. Halikutoka. Akaita watu wa saba, wa tisa, wa kumi na moja. Alipofika kumi na nne akaita, "Feza," akainua macho. Akalirudia jina. Kisha akauliza kama kuna anayejua aliko, akitazama benchi letu.

Nilisema sijui.

Akaiweka karatasi mbele yangu nimtunzie. Kwenye swali la mwisho, lile la kueleza kwa maneno yako tofauti kati ya wastani na cha katikati, Feza alikuwa ameandika kwa Kifaransa cha kuvunjikavunjika juu ya mitumbwi saba. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba ni vizuri sana.

Baada ya shule nilikimbia ufukweni. Ule mtumbwi mbovu ulikuwapo, ila kibanda hakikuwapo. Mabati na mbao vilikuwa vimeng'olewa, zimebaki nguzo nne tu, na mchangani ilibaki alama ya chandarua walichokuwa wakianikia. Mwanamke wa jirani, aliyekuwa akigeuza ndagala wake, aliniambia waliondoka Jumapili alfajiri kuelekea kusini na mama hakuaga mtu. Alisema inaonekana waliambiwa jambo. Akaniuliza kama mimi si yule mtoto wa mpika sabuni aliyekuwa akija kula pale. Nikamwambia siye.

Darasa letu lilishinda. Lilishinda kwa mbali. Nilichukua karatasi nikahesabu, kwanza nikimwekea Feza ile tatu yake ya zamani, kisha nikimwekea kumi na nne. Kwa vyovyote vile tungeshinda. Sikumwonyesha mtu hesabu hiyo. Tulikwenda Bujumbura tumesimama nyuma ya lori, tukiimba tangu Kabezi, na tulimwona mamba. Alikuwa amelala, mdomo wazi, na Sada alimtupia ganda la ndizi. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote akasema mimi ndiye niliyelipandisha darasa. Mtu akikuambia kwamba mtoto aliyefanya ubaya hawezi kufurahi, usimsadiki. Nilifurahi. Huzuni ilikuja baadaye sana, kidogokidogo, na haikuwahi kunizuia kula wala kulala.

Niliishi hivyo hadi nikawa mtu mzima, nikaolewa, baba akafa, nikaanza kupika sabuni kwa mikono yangu. Mwaka juzi mteja wa Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, aliagiza sabuni nyingi, nikazipeleka mwenyewe. Nilipokuwa nikingoja aje, nilimwona mwanamke ameinama juu ya ndagala, akiwatandaza kwa viganja viwili, na nikamjua kwa mikono yake kabla ya uso. Naye alinijua. Hakushtuka. Aliniamkia amahoro, nikaitikia, akaendelea kutandaza.

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa miaka mingi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama juani. Nikasema direkteri hakusema lolote, hapakuwa na karatasi wala komini, ilikuwa hesabu tu, tulitaka wastani upande. Nilimweleza na ile kumi na nne.

"Najua," Feza alisema. "Mutoto mumoja wa darasa letu alikuja huku mwaka ule ule, akanieleza. Ya kumi na nne ndiyo sikujua." Aligeuza ndagala wawili watatu. "Kumi na nne," alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja kitu.

Nikamuuliza kwa nini hawakurudi, kama alijua mapema hivyo. Akasimama, akajipangusa mikono. Alisema siku ile ile niliyomwambia, aliona usoni mwangu kitu hakiko sawa, na alimwambia mama yake huenda si kweli. Mama yake akauliza nani aliyeleta habari. Aliponitaja mimi, mama akaanza kufunga mizigo. Alisema yule mtoto amekula kwetu, hawezi kutudanganya. Wakatembea siku tatu na watoto wadogo. Yule wa mwisho alishikwa na kuhara wakiwa njiani, na walimzika kabla ya kufika.

"Mama alituhamisha kwa neno lako," alisema. "Nikimwambia lilikuwa uongo, atakuwa amemwua mutoto wake bure. Kwa hiyo sikumwambia. Na wewe hutamwambia."

Nilianza kuomba msamaha. Alinikatisha. Aliniambia sikuja kwake bure, mama yake yuko ndani, hawezi kuona tena vizuri, na nitaingia nimsalimie.

Yule mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekonda, amejifunga kitenge kifuani. Feza alimwambia ni mtoto wa sabuni wa Rumonge. Uso wake ukafunguka wote. Alinyoosha mikono hewani akinitafuta, nikapiga magoti akanishika kichwa.

"Mama yangu," alisema. "Ni wewe. Kila asubuhi ninakutaja. Ninasema, Bwana, yule mutoto wa Kiislamu ndiye alituokoa, bila yeye wangeturudisha kule, tungekwisha wote. Tulipoteza mumoja tu. Mumoja tu, kwa sababu yako."

Nikainua macho kumtafuta Feza. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikimetameta magamba ya ndagala, akinitazama bila chuki na bila huruma. Mama yake alianza kuniombea kwa sauti, mimi, mume wangu, watoto wangu, kazi ya mikono yangu, na maombi yalikuwa marefu. Nilipotaka kusimama Feza alitikisa kichwa. Nikabaki magotini.

Maombi yalikwisha. Mama aliendelea kunishika kichwa, akingoja.

"Sema amina," Feza aliniambia.

Nikasema.